Kiluwiluwi Kwenye Chujio

Jumanne, 3 Februari

Kitinda,

Salamu utazikuta mwishoni, kama hasira zitaziachia nafasi.

Naomba uwaulize wakubwa zako wa bohari ya mafuta, kwa heshima zote: siku hizi wanafuga vyura? Maana mtambo wetu wa umeme tangu wiki iliyopita unakohoa kama mzee mvuta tumbaku, jana nikafungua chujio la mafuta nione kuna nini. Nikakuta kiluwiluwi. Kiluwiluwi, Kitinda! Mtoto wa chura, na mkia wake, amelala kwenye wavu wa chujio kama yuko kwao. Nimemtia kwenye chupa ya dawa nikaiweka dirishani pale kwenye kibanda cha mtambo, na kila nikimtazama nawaka upya.

Baba aliendesha mtambo huu mpaka mikono ikaanza kumtetemeka, na amekufa hajakutana na chura ndani ya dizeli. Unajua alivyotupanga. Wewe ukae mwanzo wa barabara, ufunge lakiri kwenye bomba la lori, ule waya na kipande chake cha risasi, mtu asithubutu kulifungua njiani. Mimi nikae mwisho wa barabara, niikate. "Hapo katikati," alikuwa akisema, "apite yeyote amtakaye Mungu." Sasa mimi nakata lakiri safi, halafu ndani natoa maji na mchanga. Mnatuonaje nyie watu wa mjini? Huku mtambo ukizima hakuna maji bombani, hakuna friji ya chanjo, hakuna mashine ya kusaga, na shule inarudi kusoma kwa jua. Simu yangu yenyewe unajua ni tochi tu, mtandao tunausikia kwa wasafiri.

Barua hii nampa Baba Pacha. Amefika na lori lake, miguu imemvimba, maskini, nimemwekea maji ya kuoga na chakula cha maana. Mafuta kayamwaga mwenyewe kwenye tangi, wala hakutaka nisumbuke. Huyo mume umepata, shikilia.

Wasalimie pacha wangu. Nimebakiza nafasi, umeona.

Dadako,
Mama Mtambo

*

Alhamisi, 19 Februari

Dada,

Barua yako nimeisomea getini, nimesimama, na sijakaa mpaka sasa ninapokujibu.

Bohari hii haina vyura. Ina mimi. Mafuta yanayopanda lori nayapima kwa mkono wangu, na likitoka getini lina lakiri yangu, yenye alama yangu. Ukisema mafuta ni machafu unasema mimi mchafu. Umelifikiria hilo kabla hujaanza kuwatania wakubwa zangu? Hapa kuna watu wananinyemelea kiti hiki tangu siku nilipokikalia. Barua kama ile ikidondoka mahali, kesho nauza maandazi barabarani.

Sasa nikuambie aliyoyaona Baba Pacha, ambayo yeye kwa adabu zake hakutaka kukuambia usoni. Amekuta kifuniko cha tangi lako kimelala chini, mvua inanyesha, na kuku wako wako juu ya tangi wanajipumzisha. Dada! Baba angekuona angesemaje? Halafu unaniuliza mimi habari za vyura. Vyura wanaingia mlango ukiachwa wazi.

Pacha wana surua wote wawili, nakimbia kati ya geti na nyumbani kama mwendawazimu, na juu ya hayo nalazimika kumjibu dada yangu wa damu kama namjibu mwanasheria. Funika tangi lako. Kisha tuongee.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Jumatano, 11 Machi
Kwa mkono wa nesi

Kitinda,

Hii anakuletea nesi, anakuja huko kuomba chanjo nyingine. Nimemwambia akupe wewe mkononi na si mtu mwingine yeyote, hata kama huyo mtu analala kwenye kitanda chako. Keti kabisa.

Kwanza, ile ya kifuniko nilikujibu siku ileile, kurasa mbili za moto mtupu, nikampa Baba Pacha. Uliipata? Hukuipata. Najua hukuipata, kwa sababu ungeipata ungekuja mwenyewe kwa miguu kunipiga. Kifuniko cha tangi langu kina kufuli. Ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, nautoa siku ya lori tu, na kuku sina, walikwisha kwa ugonjwa tangu mwaka juzi. Sasa huyo mume wako alimwona kuku wa nani?

Pili, mtambo umekufa. Ijumaa asubuhi ulipiga kelele moja kama chuma kinachanwa, ukanyamaza. Pampu ya mafuta imekatika, nozeli zimeziba mchanga. Nesi amesubiri kidogo na barafu zake, barafu zikaisha, akachimba shimo nyuma ya zahanati akazika chanjo za watoto wote. Nimemsaidia kufukia. Kina mama wamesimama pale na watoto mgongoni wananitazama mimi. Si mafuta, si lori, si bohari. Mimi.

Jumapili mwenyekiti wa kamati ya umeme akanivua funguo, bombani, mbele ya watu na ndoo zao wakigombania matone ya mwisho. Akasema dizeli nauza mimi, halafu najaza maji. "Tangu marehemu aondoke, huyu mama ametufanya wajinga," ndivyo alivyosema, na hakuna aliyenitetea. Hata huyu shoga yangu wa jirani, ambaye redio yake nimeitengeneza mara ngapi sijui, ameinamia ndoo yake kama kuna samaki. Kitinda, nimezaliwa hapa! Nimeondoka pale, na kulia nikakataa.

Mkaguzi kutoka makao makuu anakuja mwisho wa mwezi. Akikubaliana nao, mimi naondoka na mtambo unang'olewa, unapelekwa kwa watu "wanaojua kutunza". Ndio maneno ya mwenyekiti. Kijiji kizima kitakaa gizani kwa jina langu.

Sasa hili la mwisho ndilo lililonifanya nikwambie keti. Unajua kwamba lakiri zilizokatwa tunazitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, kama alivyofanya Baba. Kabla sijatoa funguo nimezitazama. Wewe ni wa mkono wa kushoto. Baba alihangaika kukugeuza akashindwa, waya wako umesokotwa kinyume daima, ningekujua gizani kwa kidole. Zile za mwaka jana zote ni zako. Hizi za tangu Januari zimesokotwa kwa mkono wa kulia.

Alama ni yako. Mkono si wako. Nani anafunga lakiri zako, Kitinda?

Usinijibu kupitia kwake.

Dadako

*

Jumatatu, 16 Machi

Dada,

Nilianza kukuandikia kwamba umerogwa. Kwamba hukuwahi kumpenda Baba Pacha, kwamba tangu harusi ulikuwa unamtazama jicho la pembeni. Nimejaza ukurasa. Nesi anasubiri kwenye kochi, anakunywa chai, anajifanya hasikii ninavyokwaruza kalamu.

Nimeuchana.

Januari pacha walianza kuugua, mmoja akipona mwenzake anashika. Foleni ya malori getini, simu ya jirani inalia, mtoto ana homa, njoo. Baba Pacha akaniambia, "Mama, nenda kwa watoto, mimi si mtu wa kufunga waya?" Nikampa plaizi na mfuko wa lakiri. Mume wangu, Dada! Ni nani ningempa kama si yeye? Nikarudi kesho yake nikakuta plaizi mahali pake, mfuko mahali pake, kila kitu safi. Safari iliyofuata sikuona haja ya kungoja mpaka aombe.

Kwa hiyo lori lilikuwa linatoka hapa wazi. Anauza njiani, anajazia maji ya mto, halafu ndio anafunga lakiri yangu, karibu na kwenu. Nimeandika sentensi hiyo na mkono haujakauka.

Lakini na wewe nikuulize, na nakuuliza kwa hasira kama zako. Sheria inasema mpokeaji anakata lakiri mwenyewe, anakinga mafuta ya chini ya lori kwenye chupa, anaiacha itulie juu ya meza mbele ya dereva, maji yakijitenga yaonekane, ndipo bomba linafunguliwa. Baba alikuwa akimngojesha dereva mpaka anatukanwa. Wewe ulikuwa wapi? Chupa yako ilikuwa wapi? Ungepima mara moja, siku moja, tusingefika hapa!

Jumanne, asubuhi

Nimemuuliza. Hakukana sana. Alicheka kwanza, halafu akapiga meza, halafu akaenda kulala. Wewe usimwamini nesi na simulizi zake za uso wangu, ni mlango tu nilijigonga, kweli ni mlango, nilikuwa natoka kwa haraka.

Sijui nifanye nini. Lakiri ni yangu. Nikimsema yeye, nimejisema mimi.

Kitinda

*

Jumatano, 18 Machi
Kwa dereva wa lori la duka

Kwako Shemeji mpendwa,

Pole kwa matatizo ya mtambo, tumeumia sote huku. Mdogo wako amenieleza wasiwasi wako. Shemeji, mambo ya ndani hujadiliwa ndani. Wewe ni mtu mzima, na mimi nimekula kwako, nimeoga kwako, umenitunza kama mdogo wako wa kuzaliwa. Sijasahau.

Mkaguzi akija, mwambie tangi lilibaki wazi siku ya mvua. Bahati mbaya tu, hakuna anayefungwa kwa mvua. Ukianza habari za lakiri, kumbuka lakiri zina alama ya nani. Mimi ni dereva, naendesha nilichopewa. Pacha bado ni wadogo mno kukaa bila mama.

Nakuheshimu sana,
Shemejiyo

*

Jumatatu, 23 Machi
Kwa mkono wa mwalimu

Kitinda,

Nimepata barua mbili, yako na ya huyo mshenzi. Ya kwake nimeisoma mara moja tu nikatoka nje kutema mate. "Nimeoga kwako." Ana ujasiri wa kuandika hivyo! Maji yale nilimchotea mwenyewe, Kitinda, nikayapasha moto, yeye yuko nje na bomba lake anatumiminia mto mzima kwenye tangi.

Unaniuliza chupa yangu ilikuwa wapi. Ilikuwa dirishani, imeoshwa, imefunikwa kitambaa. Safari ya kwanza baada ya harusi yenu niliishika nikatoka nayo. Nikamkuta ameshuka, anatabasamu, ana mfuko wa zawadi kutoka kwako, ananiita dada kabla sijamwita shemeji. Nikajiona mimi na chupa yangu kama askari. Mume wa mdogo wangu, nimshikie chupa usoni, nimwambie akae palepale kwenye vumbi mpaka nione kama ni mwizi? Nikaificha kwenye kanga. Plaizi ya kukatia akaichukua yeye, "Dada, usijichoshe," nikaenda jikoni. Na lakiri akaitundika msumarini kwa adabu kabisa, mwana wa haramu, ndio maana nikauona msokoto wake.

Basi ndiyo hivyo. Wewe ulimpa plaizi ya kufungia, mimi nikampa ya kukatia. Wewe ulisema dada atapima, mimi nikasema mdogo wangu kashafunga. Baba alitukalisha huku na huku tumzuie mwizi asipite katikati, na sisi tukamwozesha.

Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma. Nina hasira na mimi zaidi. Na huo mlango uliojigonga, uambie huo mlango siku nikikutana nao utajuta kuwa mbao.

Sikiliza nilichoamua, na usibishane. Mkaguzi akifika nitamwambia tangi lilibaki wazi. Kosa langu. Wanifukuze. Mimi sina mtoto wa kunyonya, nina shamba dogo na mikono miwili. Wewe una pacha, na jina lako liko kwenye kila kipande cha risasi msumarini. Hao watu wa kijiji wameshaniita mwizi, sitakufa kwa kuitwa mzembe. Linaloniua ni mtambo. Nikifikiria wanaupandisha kwenye lori na ule mpini wa kuwashia Baba aliouzungushia kitambaa, natamani nilale mbele ya matairi.

Nyamaza kabisa. Ukisema neno nitakukana kuwa si ndugu yangu.

Dadako

*

Jumatano, 25 Machi
Kwa mkono wa mkaguzi mwenyewe

Dada,

USISEME NENO LOLOTE KWA MKAGUZI KABLA HUJAMALIZA KUSOMA. Nakujua. Saa hii umeshapanga uongo wako, umeupiga pasi, unangoja mgeni tu uuvae.

Leo asubuhi nimeingia kwa mkuu wa bohari, mkaguzi akiwepo, na Baba Pacha nimeomba aitwe. Nimeweka plaizi mezani. Nimewaambia wanipe waya nisokote mbele yao, kisha wakaleta lakiri iliyokuwa kwenye koti la Baba Pacha, ambayo ilitakiwa ibaki kwenye mfuko wangu wa lakiri, waya wake ameshausokota. Ya mkono wa kulia. Nikawaeleza nilivyompa, kuanzia lini na kwa nini. Sikulia. Nilidhani nitalia, lakini nilikuwa na hasira nyingi mno, hazikuacha njia.

Yeye alisema ni mimi niliyemtuma. Mbele yangu, Dada, akinitazama machoni, mtu ninayemfulia soksi! Mkuu akamuuliza huyo kiluwiluwi naye alitumwa na nani. Nilikuwa nimewasomea barua yako ya kwanza, ile ya vyura, maana niliitunza ili siku moja nikusute nayo. Mkaguzi alijitahidi asicheke.

Amechukuliwa. Mimi nimesimamishwa kazi, na sidhani watanirudisha, na kwa kweli wasinirudishe, kwa sababu lakiri ni yangu na niliitoa mkononi. Nimewaambia hivyohivyo. Huku mtaani nimeshaanza kuitwa mwanamke aliyemfungisha mumewe. Mama mkwe amekuja kuchukua masufuria aliyotupa siku ya harusi, yote, hata lile lenye maharage jikoni.

Usinionee huruma, sitaivumilia. Nijibu kwa hasira kama kawaida yako.

Kitinda

*

Jumatano, 8 Aprili

Kitinda,

Hasira umeomba, hasira zipo, hazijapungua hata kidogo.

Mkaguzi alifika na fundi na pampu mpya. Kamati nzima imepanga viti, mwenyekiti kavaa koti kwenye jua lile. Mimi nimesimama, nimeshafungua kinywa kusema "tangi", mkaguzi akainua mkono. "Mama, mdogo wako ameniapisha. Soma kwanza." Nikasoma pale nimesimama. Nilipofika kwenye kupiga pasi uongo nikakaa chini, kwenye vumbi, na kile nilichokataa kukifanya bombani nikakifanya pale. Usimwambie mtu.

Mtambo unafanya kazi. Fundi alifunga pampu, mkaguzi akaninyooshea funguo, nikamwambia hapana, azitoe aliyezichukua. Mwenyekiti akaanza, "Mama, yaishe basi, sote ni binadamu." Nikamwambia hayaishi. Uliniita mwizi bombani watu wamejaa, utaniomba radhi bombani watu wakiwa wamejaa, na kabla ya hapo mtakaa na vibatari vyenu. Akanitazama akaona sitanii. Kesho yake, saa watu wanapopanga ndoo bombani kungoja maji, akaja, akasema, sauti kubwa. Yule shoga yangu wa redio akapiga vigelegele, nikamtazama akanyamaza. Ndipo nikauzungusha mpini. Ulipokohoa kidogo nilimwonya Baba huko aliko asinitanie.

Lori la kwanza limekuja juzi, dereva mpya, mtu mzima mwenye kipara, mpole. Nimekata lakiri mwenyewe. Nimekinga chupa, nimeiweka mezani, nimempa kiti kivulini tukaitazama wote wawili. Akaniambia, "Mama, mbona unaniona mwizi?" Nikamwambia ndiyo, mpaka chupa iseme. Ilisema dizeli tupu. Ndipo nikaenda kumpikia.

Sasa wewe. Mwalimu amerudi na barua yangu ile ya kukukana, haikukukuta, ulikuwa umeshahama nyumba. Nimeichoma. Umefungisha mume, umepoteza kazi, umenyang'anywa hata sufuria, yote bila kuniuliza mimi dada yako, nami nilishakuandikia waziwazi nyamaza, hata kama hukuisoma! Nani alikuruhusu? Hayo nitakwambia vizuri ukija, kwenye karatasi hayatoshi.

Panda lori la kipara, nimeshaongea naye, atakupakia na pacha na vitu vyako vilivyobaki. Chumba cha Baba nimekipaka chokaa na nimevuta waya nikakuwekea taa, ya peke yako, na swichi karibu na kitanda. Njoo. Nataka nikugombeze taa ikiwaka, nikiuona uso wako, nijue huo mlango ulikugonga wapi.

Dadako,
Mama Mtambo